Aliyeanguka ni nani?

Makanisani tuna neno letu: "Fulani ameanguka." Likishasemwa, hakuna anayeuliza mara mbili. Amelewa, amezini, au ameacha kuja ibadani. Sasa fungua Wagalatia 5:4 uone Paulo anawaambia akina nani kwamba "mmeanguka na kutoka katika hali ya neema". Si walevi. Ni watu waliokuwa tayari kutahiriwa ili wahesabiwe haki kwa sheria. Watu wa bidii kwelikweli.

Mstari huo ulinikuta na daftari. Kila usiku nilikuwa naweka alama ya vema: nimeomba, nimefunga, sijamsengenya mtu. Wiki yenye alama nyingi nilisali kwa sauti. Wiki mbovu nilijibanza benchi la nyuma, utadhani Mungu naye ana nakala ya lile daftari.

Sisemi torati ni mbaya. Paulo mwenyewe anaiita takatifu (Warumi 7:12), na wanaohubiri neema kama vile Amri Kumi zimefutwa wananichosha kuliko sisi wa madaftari. Shida ni nini kinatangulia. Katika Kutoka 20, kabla ya amri ya kwanza, Mungu anajitambulisha: ndiye aliyewatoa Misri, katika nyumba ya utumwa. Bahari imeshavukwa. Hakuna aliyeambiwa aache kwanza kutamani mali ya jirani ndipo avushwe.

Ukiugeuza utaratibu huo, amri zitangulie wokovu, madhara hayaishii moyoni, yanafika mezani. Kule Antiokia Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, bila shida. Wakaja Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, naye kwa kuwaogopa waliotahiriwa akaanza kujitenga, hata Barnaba akachukuliwa na unafiki huo. Paulo akamkemea mbele ya wote. Kosa lenyewe? Kuhama meza! Nadhani ndiyo maana wengi tunaowaita "walioanguka" hawarudi: siku ya kwanza tu wakija wanaona tunavyosogea pembeni.

Kaka yake mkubwa mwana mpotevu naye alikuwa na daftari lake, japo la kichwani: miaka aliyotumika, amri ambayo hajawahi kuivunja, mwana-mbuzi ambaye hakupewa. Ngoma inalia ndani, yeye amesimama nje anahesabu. Baba akatoka kumsihi. Luka hatuambii kama aliingia.