The Lion King mbili: kwa nini ya 2019 hainigusi

Hivi karibuni nimetazama The Lion King zote mbili kwa kufuatana: katuni ya mwaka 1994 iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, na ile ya 2019 ya Jon Favreau, iliyotengenezwa kwa kompyuta. Hadithi ni ile ile: Scar anamuua kaka yake Mufasa, mtoto wa Mufasa, aitwaye Simba, anatoroka akiamini kosa ni lake, kisha ukubwani anarudi kudai ufalme. Hata sauti ya Mufasa ni ya James Earl Jones kote kuwili.

Ufundi wa 2019 siubezi. Manyoya yanapepea, vumbi linatimka, nyumbu wanaporomoka bondeni mpaka unajikunyata kitini. Ukiondoa shoti moja ya jua likichomoza mwanzoni, hakuna kilichopigwa kwa kamera mbugani. Na filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, kwa hiyo watu waliipenda.

Lakini tazama pale Mufasa amelala, ameshakufa. Katika katuni, Simba anamsukuma kwa kichwa, anamvuta sikio, kisha anajipenyeza chini ya mkono wa baba yake. Nyusi zimepanda, macho yamejaa machozi, mdomo unatetemeka. Mwaka 2019 anayefanya hayo ni mtoto wa simba hasa, na simba hasa hana nyusi za kulilia. Sauti inaomboleza, uso umetulia tu. Pengo hilo lilinisumbua hadi mwisho.

Watetezi wake husema uso wa simba halisi ukipewa hisia za binadamu utachukiza. Huenda ni kweli, lakini hapo ndipo ninapoona kosa: walichagua uhalisia katika hadithi isiyouhitaji. Sisi tumekua na ngano za Sungura na Fisi, na hakuna mtoto aliyewahi kudai Sungura azungumze kama sungura wa porini.

Uhalisia huo umeuma hata kwenye nyimbo. Wimbo wa Scar, Be Prepared, katika katuni una moshi wa kijani na fisi wanaopiga gwaride. Hapa umefupishwa, nusu yake ni maneno ya kusema tu. Can You Feel the Love Tonight, wimbo wa usiku, unaimbwa jua likiwaka! Muda nao umetoka dakika 88 hadi 118, na sehemu yake imeliwa na unyoya wa Simba unaosafiri kupitia kiota cha ndege, tumbo la twiga na mavi yanayoviringishwa na mdudu, hadi umfikie Rafiki, yule nyani mzee. Katuni ilimaliza hayo kwa upepo mmoja.

Mahali pawili, hata hivyo, ya 2019 inaishinda ya zamani. Fisi wanatisha kweli, hasa Shenzi, ambaye si kichekesho tena bali kiongozi mwenye njaa na hesabu. Na Sarabi, mama yake Simba, anayepita kama kivuli kwenye katuni, hapa anamkatalia Scar uso kwa uso anapotaka kumfanya malkia wake. Hapo filamu imeongeza jambo lenye maana.

Kama una watoto ambao hawajaona hata moja, waanzishie ya 1994. Ya pili waione baadaye, kwa ajili ya Sarabi na wale nyumbu.