Pikapu za zamani zilikuwa za kazi, sawa, ila kazi gani hasa?

Kuna ubishi unarudi kila mtu akipost picha ya double cabin iliyooshwa inang'aa, nyuma haina hata alama ya tope. Upande mmoja wanasema zamani pikapu ilikuwa chombo cha mkulima na fundi, ilinunuliwa ibebe mzigo, sio kama sasa hivi bosi ananunua Hilux ya kwendea ofisini na nyuma ameweka begi la laptop tu. Upande wa pili wanajibu hela ni yake, anunue anachotaka. Ubishi unafia hapo. Hao wa pili hawana hoja kubwa, hela kuwa ya mtu haituelezi chochote kuhusu gari. Wa kwanza ndo wana hoja, na mi nadhani wanaikosea pikapu ile ile wanayoisifia.

Tuanze na nani alinunua. Picha tuliyonayo ni ya mkulima wa kawaida, kofia kichwani, anapeleka mazao yake sokoni kwa gari yake mwenyewe. Jamani, Tanzania ya miaka ya 70? Uingizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la serikali, State Motor Corporation, fedha za kigeni zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na waliokuwa mbele ya foleni ni serikali, mashirika ya umma, vyama vya ushirika hadi vilipofutwa 1976, na misheni. Zile Land Rover 109 zenye mgongo wazi nyingi zilikuwa za ofisi. Mtu binafsi aliyefanikiwa kupata Peugeot 404 pikapu au Datsun alikuwa mwenye duka la jumla, mwenye mashine ya kusaga, mwenye shamba kubwa au mwenye ndugu mahali fulani. Mkulima wa ekari mbili za kahawa pale Kibosho, Kilimanjaro, aliijua pikapu kwa kuipanda, sio kwa kuimiliki. Na hata ilipokuja bajeti ya 1984 watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezitoa wapi, walioingiza ni wale waliokuwa nazo, sasa hapo mnyonge yuko wapi.

Kenya ilikuwa nafuu kidogo. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil 1975 bei ya kahawa ikapaa, 1976 na 1977 hela ikaonekana vijijini, halafu mwishoni mwa muongo ule magari yakaanza kuunganishwa humo humo nchini, Thika, Mombasa na Nairobi. Lakini mnunuzi alibaki yule yule, mwenye nazo wa eneo, anayejulikana kwa jina na kwa gari.

Kwa hiyo hiyo double cabin ya bosi inayochekwa leo, babu yake nayo ilikuwa ya bosi. Na ya kutambia pia, tusijidanganye. 404 ilishinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, alizishinda Bert Shankland aliyekuwa anaishi Tanzania hapa hapa. Mtu aliyenunua pikapu yenye uso ule ule wa gari ya mashindano alijua kabisa watu wanamwangalia anapopita. Wamarekani nao tunaowaona ndo waliogeuza pikapu kuwa mapambo hawakuanza jana, Ford walishaweka toleo la urembo la Ranger kwenye pikapu zao za F-series mwaka 1965.

Sasa matumizi, na hapa ndo patamu. Chukua Datsun 1200, iliyotoka 1971. Kiwandani imepewa uwezo wa nusu tani. Nusu tani ni gunia tano za mahindi za kilo mia mia, basi, umemaliza. Gunia tano zinalipiwa mara moja, kuzipakia unahitaji kibarua, kuzishusha kibarua mwingine, halafu gari inarudi tupu inakunywa petroli bure. Sasa weka mbao mbili nyuma upakie watu kumi: wanapanda wenyewe, wanashuka wenyewe, kila mmoja na nauli yake, na jioni wanarudi tena kwa sababu kwao ni kijijini sio sokoni, kwa hiyo safari zote mbili zimelipiwa. Tena mzigo una msimu, kahawa ya Kilimanjaro inavunwa nusu ya pili ya mwaka hivi, miezi inayobaki pikapu ikae inasubiri nini? Lakini gulio lipo kila wiki, na hospitali ipo, na misiba haina msimu. Ukipiga hesabu hiyo kama mtu aliyekopa kununua gari, huhitaji kuwa mchumi kujua nyuma patakaa nini. Watu kumi wa kilo 60 ni kilo 600, gari imeshazidiwa kabla hujahesabu ndizi, kuku na madumu yao. Na kumi ilikuwa idadi ya asubuhi pakiwa bado pametulia!

Ndo maana pikapu ilikuwa haitulii nyumbani kwa mnunuzi kabla haijapita kwa fundi. Springi zinaongezwa nyuma, linachomelewa bomba la kushikia, turubai juu, mbao huku na huku watu wakae magoti yanagusana, na ngazi ya nondo mlangoni ambayo konda anabaki ameining'inia njia nzima. Hakuna anayemfanyia hivyo mtu anayetaka kubeba saruji. Mbele kwenye 404 gia ilikuwa kwenye usukani, kwa hiyo sakafu ni tupu na wanakaa watatu, na ile nafasi ya mbele ilikuwa na wenyewe: padri, mwalimu mkuu, mama anayewahishwa kujifungua, na mama akiingia hata padri anahamia nyuma. Jumamosi gari hiyo hiyo inafungwa maua inabeba bibi harusi, wiki inayofuata inabeba jeneza.

Na sheria iliifuata biashara, haikuitangulia. Kenya, Kenyatta alitamka 1973 kwamba matatu zifanye kazi bila ile leseni ya uchukuzi waliyokuwa wanadaiwa, tamko moja tu, na kuanzia hapo pikapu yenye turubai ikawa ni gari ya abiria halali. Masharti ya ukaguzi na leseni yalikuja kukazwa 1984, miaka kumi na moja baadaye. Kwetu njia ilikuwa ndefu zaidi, Dar es Salaam shirika la umma la mabasi, UDA, liliundwa 1974 libebe mji mzima peke yake, halikuweza, na watu wakapanda chai maharage, pikapu na vilori vya mabenchi ya kuangaliana, kwa kujificha mpaka serikali ilipokubali daladala 1983. Zanzibar mpaka leo utazipanda zile za bodi la mbao.

Niwe mkweli kwa upande wa kwanza. Pikapu ya kazi tupu ilikuwepo. Miraa kutoka Meru ikikauka imekwisha thamani, kwa hiyo dereva wa pikapu ya miraa hana muda wa abiria. Mafundi ujenzi walikuwa nazo, maziwa yalibebwa nazo. Na gari zenyewe zilikuwa za kazi kweli, bodi ya nyuma ni ndefu kuliko ya double cabin ya leo, ambayo ni mita moja na nusu hivi, na fundi wa chini ya mwembe aliweza kuifungua injini akaifunga. Wakisema hiyo imepotea wako sahihi kabisa. Pia wale watu wa nyuma hawakuwa na mkanda wala paa la maana, pikapu ikipinduka kwenye kona ya mlimani hakuna aliyebaki amekaa. Kenya ilipokuja na masharti ya mikanda na vidhibiti mwendo 2004, watu walilalamika nauli, lakini mtu aliyewahi kuzika kwa ajali ya matatu hakulalamika.

Ninachokataa ni kulinganisha gari mbili ambazo hazifanyi kazi moja halafu ukahitimisha kwamba watu wameharibika tabia. Ile kazi ya pikapu ya zamani haijaachwa, imegawanywa. Abiria walichukuliwa na Hiace, halafu Noah. Mgonjwa wa usiku kachukuliwa na bodaboda. Mzigo wa nusu tani kachukua kirikuu, Suzuki Carry kuukuu kutoka Japani, yenye uwezo mdogo kuliko hata ile Datsun na bado inapigwa ndizi mpaka taa za mbele zinaangalia mbinguni. Kilichobaki kwa double cabin ni barabara mbovu, miradi na mabosi, na wengi wao hata hawakuinunua wenyewe, angalia namba za magari utaona ngapi ni za serikali na za wafadhili. Foleni ya mwaka 1975 haijabadilika sana hapo mbele.

Ukitaka kumwona mnunuzi wa pikapu wa zamani, yule aliyekopa, akapeleka kwa fundi, akaongeza springi, mtafute kwenye kirikuu. Na wiki ya msiba kijijini utamkuta amepakia waombolezaji nyuma, anajua trafiki wakimkamata ni faini, na ameshaiweka kwenye hesabu.