Karo imelipwa, lakini anakula peke yake

Nimeishi Winnipeg miaka kadhaa sasa, na jambo la Kanada ninalotamani kuliona Kenya ni hili: wanafunzi wenyewe kumsomesha mkimbizi. WUSC, shirika la Kanada linaloshughulikia elimu, lilianzisha mpango huo mwaka 1978. Wanafunzi wa chuo wanapiga kura, kila mmoja anaongezewa dola chache kwenye karo, na fedha hizo zinamleta kijana wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma au Dadaab huko Kenya, tena akiwa na ukaazi wa kudumu tangu siku anayotua. Kamati ya wanafunzi inampokea uwanja wa ndege, inampeleka benki, inamtafutia koti na viatu vya theluji.

Sisi Wakenya tunaochangia harusi na matanga katika kila grupu la WhatsApp tungeliweza hili bila shida. Badala yake, aliyefaulu KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, akiwa Kakuma anahitaji kibali cha kutoka kambini ndipo aende kuripoti chuoni, na kuna vyuo vinavyomtoza karo ya wageni hata kama amezaliwa hapo hapo Turkana. Wengine wakifika hosteli hawathubutu kusema wametoka kambini. Hilo linaniuma sana.

Lakini huku Kanada nako pana pengo ambalo pesa haizibi. Desemba bweni linabaki tupu, mkahawa wa chuo unafungwa, wenzake mkimbizi wamekwenda kwao. Yeye yuko chumbani na simu: mama anasema mgao wa chakula umepunguzwa tena, mdogo wake anadai sare. Mshahara wa kibarua cha usiku unaishia kambini kabla hajanunua kitabu. Akizidiwa, anaambiwa aweke miadi na mshauri nasaha, na nafasi ni baada ya wiki kadhaa. Kijana mmoja Mkongomani aliniambia alichotaka ni mtu wa kula naye tu. Kwetu hosteli mtu hali peke yake. Jirani atabisha kuomba chumvi, na saa sita ya usiku bado mnapiga soga.

Ufadhili wa mwaka wa kwanza ukiisha, wengi wanaendelea kwa mikopo na vibarua, na kamati inageukia mgeni mpya. Hapo ndipo Wakenya na Watanzania tulioko huku tunapohitajika: tuwaalike nyumbani sikukuu, tuwapigie simu wakati wa mitihani. Na nyumbani, vyama vya wanafunzi vya Nairobi, Moi na Maseno vipige kura ya shilingi hamsini kwa muhula. Mkimbizi wa kwanza aanze masomo kwa fedha hizo Septemba ijayo.