Kodi ya Marehemu

Jamani, mchwa hawana adabu. Daftari la kodi la miaka ya 1980 walitafuna safu ya majina, safu ya fedha wakaiacha nzima. Kodi ya kichwa tunayo, vichwa havipo. Mimi nilikuwa kibarua wa kupanga majalada kwenye stoo moja ya kumbukumbu hapa Moshi, bosi akanituma Kibosho nikawaulize wazee yale majina yaliyobaki nusu.

Nikapanda na suruali ya kaki, mkoba kwapani, kalamu mbili mfukoni. Kilabuni nikaamkia, nikaitikiwa, nikapewa kata ya mbege. Nikafungua mkoba: "Wazee wangu, nimekuja kwa habari ya kodi ya kichwa."

Kilabu kizima kimya. Nikaona kofia ya pama inatokea dirishani, mwenyewe akiwa chini yake.

Msiwacheke. Mjerumani aliianza mwaka 1898, rupia 3 kwa kibanda. Mwingereza naye mwaka 1922 akaongeza ya kichwa, asiye na kibanda asije akapumua. Halmashauri ziliporudishwa miaka ya 1980, mgambo wakawa wanavizia njia ya sokoni alfajiri: huna stakabadhi, unalala ndani. Kodi yenyewe ilifutwa mwaka 2003, ila miguu ya wazee haijapata taarifa.

Nikasoma jina la kwanza. "Huyo alikufa." La pili. "Alikufa huyo, tena zamani." La tatu aliuawa kabla sijafika kwenye ukoo. Kwa kasi ile, kijiji kingebaki na migomba tu.

Akaingia mzee mmoja na kopo la Kimbo, akalimwaga mezani. Stakabadhi tupu, za mwaka hadi mwaka, zimefungwa kwa uzi wa gunia. "Kumbe hawa wote walikufa," akasema huku akiwatazama mmoja mmoja, "mimi peke yangu ndiye niliyekuwa hai nikilipa? Basi mnirudishie changu. Andika!"

Nikaandika. Ungefanyaje?

Kulinusuru jahazi nikachagua jina lisilo na ubishi, maana karani mwenyewe alishaandika pembeni kwa wino mwekundu: amefariki. Nikalisoma kwa heshima, nikaongeza na "Mungu amrehemu."

Kilabu kikapasuka kwa kicheko. Babu aliyekuwa akinimiminia mbege akaweka mtungi chini, akainama kama bwana harusi.

"Ni kweli alifariki," mkewe akadakia kutoka jikoni. "Aliingia darini, mimi nikagaagaa uani nikilia, mpaka karani akaona huruma akaniachia rambirambi. Sasa mjukuu wangu, sema mbele ya watu: umefuata kodi, au umefuata ile rambirambi?"

Kabla sijajibu, marehemu akaichukua kata yangu, akachungulia ndani.

"Hii ilikuwa ya karibu. Ya pili unalipia, na stakabadhi nataka."