Mbuzi wa Akika ya Watu

Haya nyinyi mnaolalamika mafuta yamepanda, feri imejaa, joto halilaliki, mie shida yangu ina miguu minne na ndevu. Huku kwetu Majengo, Mombasa, kuna beberu kichochoroni haliwi, hauzwi, hafukuzwi, na ukiniuliza kwao wapi nitakwambia kwao anako, ila kwao kwenyewe ndo hakukaliki.

Nyumba ya pili kutoka kwangu walijaaliwa mtoto wa kiume, mashaallah, tukafurahi sote maana akika, ile ya kumchinjia mtoto mbuzi akizaliwa, ni pilau na mie pilau sijawahi kuigeuzia uso. Sunna yake siku ya 7, ikikupita basi ya 14, ikikupita tena ya 21. Baba mtoto akaja na mbuzi ndani ya tuktuk, mmoja, wa elfu 12, kichwa kimetokeza nje kama abiria aliyepitishwa steji yake. Mama mkwe akatoka kuhesabu. Kuhesabu kitu kimoja kukamchukua muda mrefu. "Mtoto wa kiume ni mbuzi wawili," akasema, "ama mwanangu kazaa nusu mtoto?"

Jamaa akasema wa pili mwisho wa mwezi. Shekhe akaitwa, akasema mmoja wajuzu, wawili ndo ukamilifu, sasa hapo kila mmoja akaskia ile nusu aliyoitaka akaenda nayo ndani. Siku ya 7 ikapita wakibishana, ya 14 hawasemezani, ya 21 mke kabeba mtoto wake kavuka Likoni kwa mamake, mume naye kaenda kulala kwa rafikiye Kisauni, mlango ukapigwa kufuli. Mbuzi wakamsahau nje.

Kamba aliila mwenyewe siku hiyo hiyo.

Toka hapo hakuna anayepumua. Amekula leso ya mama wa mahamri ikiwa kwenye waya, ile nusu yenye maneno, sasa imebaki ua tu. Amekula mbaazi sufuria ikiwa jikoni na moto unawaka. Anakunywa maji kwenye ndoo, na maji yenyewe twanunua mtungi kwa mtungi kwa mkokoteni, halafu akimaliza anatia mguu. Alikula barua ya shule ya kudai karo nikamwacha aimalize, hapo haki yake nampa. Lakini juzi kaingia kwangu bila hodi, kasimama sebuleni katutazama, mke wangu akamwambia karibu, yaani mdomo umezoea tu, na yeye akapita moja kwa moja mpaka jikoni. Watoto ndo wakambandika jina Landilodi.

Na pale maskani kwa vijana wa muguka, yale majani ya kutafuna wakikesha, ndo kabisa. Ile 2024 kaunti ilipopiga marufuku muguka usiingie Mombasa na mahakama ikaja ikaisimamisha amri, wale vijana walijadili sheria mpaka usiku wa manane, lakini Landilodi yeye hajadili, yeye ala. Siku moja kawamalizia mfuko mzima. Usiku ule hakulala na hakuna aliyelala, alipanda ukutani akashuka, akapanda, akashuka, mee mpaka alfajiri, muadhini alipokuja kufungua msikiti akamkuta mlangoni kasimama. Sasa kila tukichelewa sala ya asubuhi twasimangwa kwa mbuzi.

Mwenye bucha alipita jioni moja akamshika, akamfungua mdomo mbele yetu pale barazani. Mie nilikua sijui kumbe mbuzi juu kwa mbele hana jino hata moja, ni ufizi mgumu tu, meno ya mbele yote yako chini. Bucha akaweka kidole chake, akatuonyesha mawili ya kati, makubwa, yamesimama katikati ya vijino vidogo vya utotoni. "Huyu si mwanambuzi tena," akasema, "huyu ataka mke." Halafu akampapasa mgongo, akashuka mpaka pajani, akabonyeza. Walahi baraza zima lilinyamaza, nikaskia mtu ameza mate, huenda alikua mie.

Mmoja akasema basi tumchinje tu, tumgawe nusu kwa nusu, huku mguu huku mguu, kisha ngozi tuwawekee wenyewe. Mzee wa kahawa hakuinua hata kichwa, yuamimina tu. "Mali ya mtu ukiichinja bila idhini yake ni wizi, hata ukipiga bismillahi mara mia." Ikawa ndo mwisho wa pilau.

Na mwenye bucha hakukosea. Nyinyi mnaokula saa hizi wekeni sahani chini kidogo. Beberu akishapevuka ajikojolea ndevu. Si bahati mbaya, aelekeza, ainamisha kichwa, ajipaka vizuri mpaka shingoni, ndo manukato yake hayo ya kutafutia mchumba. Sawa, kila mtu na mambo yake, mie ugomvi wangu ni kwamba akishajipaka aja kujifuta kwenye nguzo ya baraza yangu, na Ijumaa ilopita hakuipata nguzo akaipata kanzu yangu, na mie ndani yake. Msikitini nilipata nafasi kubwa sana ya kukaa.

Sa nambie, mtu afanyeje? Nilimtupia maganda ya muhogo siku moja, huruma tu, jioni simu yalia kutoka Likoni: "Shemeji, naskia wamlisha mbuzi wake. Kwani weye uko upande gani?" Kesho yake nikamtimua na ndala, simu yalia kutoka Kisauni: "Kaka, naskia wampiga mbuzi wangu. Ni yeye amekutuma?" Siulizi nani apeleka habari, kichochoro chetu kina madirisha mengi na kila dirisha lina mtu wake. Lakini oneni hapo, kwa simu ya mke ni mbuzi wa mume, kwa simu ya mume ni mbuzi wake pia, sasa kama wamekubaliana wenye mbuzi ni nani, kwa nini hakuna anayekuja kumchukua? Nilimuuliza mume. Akasema akimchukua itaonekana ameshindwa. Nikamuuliza mke. Akasema wakimchinja mmoja mamake hatakanyaga.

Wazee walituambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Kulima wapi? Mie nina kichochoro cha futi sita na nusu yake kapaki bodaboda.

Naskia sasa mke asema atalifikisha kwa kadhi. Mwanangu akanisomea kwa simu, katiba ya 2010, kifungu cha 170, kadhi ni mambo ya hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali wenyewe kwenda kwake. Tukakaa barazani tukatafuta Landilodi aingia fungu gani. Talaka haijatoka. Ndoa, hapana. Mzee wa kahawa akasema wekeni mirathi, maana huyu atatuzika sote.

Basi jana baada ya alasiri twaskia tuktuk yaingia kinyumenyume, tukachungulia, kumbe jamaa mwenyewe! Usingeamini tulivyotoka. Mama wa mahamri tayari kashusha lile sufuria kubwa la harusi, mke wangu kaanza kumenya vitunguu hata hajaulizwa, mwenye bucha naye sijui alipigiwa simu na nani, kafika na kisu kakifunga kwa gazeti. Jamaa akashuka, akapindua kiti cha nyuma, akavuta kamba, na nje ya tuktuk akatoka mbuzi.

Mwengine.

"Wa pili huyu," asema, kifua mbele. "Mwambieni mama mkwe wametimia wawili." Tukamwambia ndani hamna mtu, mkeo yuko Likoni mwezi wa ngapi huu. Akatazama kufuli kama ndo kwanza aiona, akafunga mbuzi kwenye grili ya dirisha langu, dirisha langu mimi, akasema nawaachia amana, narudi sasa hivi, akapanda tuktuk kaenda zake. Amana! Neno hilo kwa Mswahili huwezi kulikataa, na yeye alijua.

Mwenye bucha akainama akachungulia nyuma ya yule mgeni, akainuka pole pole, akakirudisha kisu gazetini. "Jike," akasema.

Tukageuka sote kwa pamoja kumtazama Landilodi. Alikua kesha inamisha kichwa, ameanza kujipaka ndevu.

Ati mbuzi miezi mitano tu azaa, na mara nyingi pacha. Mama wa mahamri hakungoja magharibi iadhiniwe, wakizaliwa wawili mmoja wake, amelipwa leso yake na mbaazi zake. Vijana wa maskani wataka wa pili, fidia ya muguka. Mzee wa kahawa yuasema watoto wa mbuzi wafuata mama, kwa hivyo wa mume, mwenye bucha asema baba naye atazamwe, na hapo zogo likaanza upya, pilau limesahaulika, kitunguu cha mke wangu kimekauka kwenye sinia. Na mie katikati ya hayo simu yalia mfukoni, nikaitazama, Likoni.

"Shemeji, naskia umemfungia mbuzi wake dirishani kwako."