Tabata ya Dakika 30 Haipo

Nimekutana tena na video inayojiita “Tabata ya dakika 30”, na safari hii uvumilivu umeniishia. Tabata ni yale mazoezi makali ya sekunde 20 za nguvu na 10 za kupumzika, yanayoisha ndani ya takriban dakika 4. Mwalimu anatabasamu, anaongea mfululizo, hata jasho hana. Jamani, mtu anayeweza kupiga soga katikati ya raundi anafanya mazoezi ya kawaida ya viungo kwa kufuata kengele, basi.

Jina limetoka kwa Izumi Tabata, mtafiti wa Japani, ambaye na wenzake walichapisha utafiti wao mwaka 1996. Washiriki walikanyaga baiskeli ya maabara sekunde 20, wakapumzika 10, wakarudia mpaka raundi ya 7 au ya 8. Mzigo ulikuwa takriban asilimia 170 ya ule unaotosha kufikisha matumizi ya oksijeni mwilini kwenye kilele chake. Kasi ikishuka chini ya mizunguko 85 kwa dakika, mtu alisimamishwa. Aliyemudu zaidi ya raundi 9 aliongezewa mzigo. Yaani raundi ya mwisho ilipangwa iwe ya kushindwa! Na hizo “dakika 4” tunazotangaziwa hazihesabu dakika 10 za kupasha mwili joto, wala siku moja kila wiki ambayo walianza kwa kukanyaga kwa kadiri dakika 30 nzima.

Sasa chukua ratiba hiyo uibandike kwenye skwati za kuruka. Mapaja yanakwisha kabla moyo haujafika popote. Kufikia raundi ya 5 magoti yanaingia ndani, visigino vinanyanyuka, mtu anatua kwa kishindo, na goti ndilo linalolipa deni. Pushapu nazo zinakwamishwa na mikono wakati pumzi bado ipo tele. Halafu kuna Tabata ya planki, lile zoezi la kujinyoosha juu ya viwiko na vidole vya miguu bila kusogea. Planki! Moyo hauna hata habari kwamba kuna mazoezi yanaendelea. Zoezi la kufaa ni lile linalotumia misuli mikubwa, lisilohitaji ustadi ukiwa hoi, na ambalo ukichoka unapunguza kasi tu bila kuanguka: baiskeli ya mazoezi, kupanda ngazi, kukimbia mlimani.

Na kama muda ndio tatizo, wala huhitaji Tabata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha mwaka 2016 mpango ambao ningempa mtu yeyote mwenye shughuli nyingi: kanyaga taratibu dakika 2, kisha sekunde 20 kwa nguvu zako zote, mara 3, kila mara ukitenganisha kwa dakika 2 za kukanyaga polepole, halafu malizia na dakika 3 za kupoza mwili. Jumla dakika 10, mara 3 kwa wiki. Baada ya wiki 12, wanaume ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi waliongeza uwezo wa pumzi kwa kiasi kinachokaribiana na cha wenzao waliokuwa wakikanyaga kwa kadiri dakika 45.

Wengi huharibu kwenye uzito wa pedali. Pedali ikiwa nyepesi, miguu inazunguka kama feni na makalio yanarukaruka kwenye kiti. Kasi ipo, kazi haipo. Kaza mpaka sekunde 5 za mwisho miguu ianze kukataa. Raundi ya tatu ikiisha usiweze kutamka zaidi ya maneno mawili matatu. Usile vile vipumziko vya dakika 2 kwa haraka zako: ndivyo vinavyokuwezesha kukanyaga kwa nguvu tena. Wala usishuke ghafla ukakaa. Damu inabaki miguuni na kizunguzungu kinakuja mara moja. Kwenye ngazi, panda kwa kasi, shuka kwa kutembea.

Haya, nikubali: mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa au maumivu ya kifua aanzie kwa daktari. Matembezi marefu bado yana kazi yake, na misuli itahitaji vyuma. Kuhusu kupunguza uzito, dakika moja ya nguvu huunguza nishati kidogo mno, na wanaokuuzia “mafuta kuungua siku nzima” wanakuza kitu kidogo.

Kati ya siku za mazoezi acha siku moja ya kupumzika. Na ukimaliza ukahisi una nguvu ya raundi ya nne, safari ijayo kaza pedali, maana hiyo ya tatu uliitegea.