Kihisi cha plastiki kianzie kwenye ufuta, korosho zisubiri

Msimu wa ufuta huku Lindi, karani wa ghala huchoma gunia kwa bambo, akapuliza makapi kiganjani, akatafuna punje mbili tatu na kutoa hukumu: bado mbichi, karudishe juani. Pengine amepatia. Ila mkulima aliyelipa nauli ya bodaboda hana kipimo cha kumbishia.

Kipimo kipo. Ukimulika punje kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ulio jirani na mwekundu, maji huunyonya karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 970, na zaidi sana kwenye 1450; mwanga unaorudi hukueleza unyevu uliomo. Mafuta yana alama yake kwenye 1200 hivi. Kinachotunyima ni bei. Silikoni, ile ya kamera za simu, haioni kitu kupita nanomita 1100. Zaidi ya hapo hutumika vihisi, yaani vifaa vya kunasa mwanga, vya indiamu, galiamu na aseniki, vinavyokuzwa tabaka kwa tabaka juu ya fuwele ghali.

Ndiyo maana nazipigia debe semikondakta za oganiki, zilizotengenezwa kwa molekuli za kaboni, jamaa za zile plastiki zinazopitisha umeme zilizowapa Heeger, MacDiarmid na Shirakawa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Zinayeyushwa na kuchapwa juu ya plastiki kama wino. Wanakemia huunganisha sehemu inayotoa elektroni na inayozivuta, na molekuli ikaanza kunasa mawimbi marefu zaidi. Tatizo ni kwamba kadiri unavyosogea huko, ndivyo umeme unavyovuja hata gizani na kufunika ishara hafifu. Tena oksijeni na unyevunyevu huzichakaza. Hebu fikiria, kipima unyevu kinachouawa na unyevu! Kijaribiwe ghalani kwetu, penye joto na upepo wa bahari, siyo kwenye maabara yenye kiyoyozi tu.

Najua watu wa Mtwara watauliza korosho zao. Ganda la korosho ghafi ni nene na limejaa mafuta yake; mwanga unaorudi utakueleza habari za ganda, si za kiini. Hapo kisu cha kupasulia korosho bado ndicho kipimo. Ufuta una ganda jembamba, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta.

Na kazi nyingine haihitaji kusubiri plastiki ya mtu. Kifaa chochote cha namna hii lazima kifundishwe kwa sampuli za hapa, mfano aina za ufuta za Ziada 94 na Lindi 2002, zilizokaushwa kwenye oveni na kukamuliwa mafuta ili majibu yake yajulikane. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, wanazo mbegu hizo. Waanze kukusanya vipimo hivyo msimu ujao, na viwe wazi kwa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, kama kwa wanunuzi.